Debe Lisilofika Laela

Mwaka ule debe moja la petroli lilikuwa halitufikishi tena Laela. Hilo ndilo jambo lenyewe, nami nitajaribu kulieleza lilivyokuwa, ingawa mimi si mtu wa kuandika. Niliishia darasa la nne kwa mapadri, na ufundi niliupata kwa macho tu, kwa kumtazama mwingine akifungua nati. Lakini nilikuwa na daftari, na kila jioni niliandika mambo mawili matatu ya siku. Pale ninapoona kumbukumbu yangu inanipendelea, naliamini daftari.

Nilikuwa fundi wa ofisi moja ya serikali pale Sumbawanga. Gari letu lilikuwa moja, Land Rova ya petroli, na dereva wake alikuwa mzee mmoja wa Chala aliyeliendesha tangu kabla mimi sijaajiriwa. Ilikuwa miaka ya shida, baada ya vita. Petroli ilitoka kwa kibali, ikapimwa kwa debe mbele ya watu wawili, na kila safari ikaandikwa kwenye kitabu cha gari. Siku zote debe moja lilitufikisha Laela na kikabaki kidogo cha kuzungukia. Ulipoingia mwezi wa sita likaanza kukatika njiani. Safari ya pili vilevile. Ya tatu walikwama porini, mzee na Afisa wetu mwenyewe, wakasubiri lori nusu siku nzima katika upepo. Na upepo wa Ufipa mwezi wa sita hauna huruma. Afisa alirudi midomo imempasuka, hakumsalimu mtu.

Kesho yake asubuhi akaniita. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, msomi, mtu wa kuja. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu baadaye wengi walimwita mbaya. Alikuwa na mkubwa wake, na mkubwa wake alikuwa na wakubwa zake, na redio kila siku ilikuwa juu ya wahujumu.

"Ndugu fundi," akasema, "gari halinywi petroli namna hii. Anayekunywa ni mtu. Nakupa siku tatu. Kama gari ni bovu, nionyeshe ubovu. Usiponionyesha, Ijumaa nampeleka mzee polisi."

Nilimkuta mzee kwenye banda la chai. Alikuwapo pia mwenye duka mmoja aliyekuwa na lori lake, mtu wa mzaha.

"Mzee!" alikuwa anasema, "hiyo Land Rova yako imebatizwa kwa pombe ya ulezi? Siku hizi inakunywa kuliko walevi wote wa Ufipa!"

"Inakunywa," mzee akajibu, "lakini angalau haiimbi njiani."

Watu wakacheka. Mzee naye alicheka, ila kikombe alikishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Umetumwa unichunguze mimi au gari?"

"Gari."

"Basi lichunguze vizuri. Nina watoto sita, na huko polisi hawana spana."

Siku ya kwanza nilifanya yale ninayoyajua. Nilijaza upepo matairi, nikainua kila gurudumu na kulizungusha kuona kama breki inashika, nikalala chini ya tangi na tochi kutafuta jasho la petroli. Hakuna. Nikafungua kabureta, nikaiosha, nikapima boya lake. Zima kabisa. Halafu nikatoa plagi, na hapo ndipo nilipokaa chini. Zote nne zilikuwa nyeusi kwa masizi kama sufuria la kuni.

Sijui mambo mengi, lakini hilo nililijua: petroli iliyonyonywa kwa mpira haiachi masizi kwenye plagi. Ile iliyopotea ilikuwa imepita ndani ya injini. Nilitaka kukimbia kwa Afisa nimwambie. Nikasita. Angeuliza, imepita ndani kwa nini? Sikuwa na jibu, na mtu asiye na jibu hasaidii. Nilizisugua plagi, nikamwomba mzee tutoke kesho yake tuujaribu mwendo.

Siku ya pili tulishika njia ya Laela. Baridi ilikuwa ya kuuma meno. Hatukuwa tumefika mbali nikaona kibanio cha nguo kwenye dashibodi, kimeibana choki, kile kishikio cha kuwashia injini ya baridi, ikiwa imevutwa nje.

"Mzee, mbona choki umeivuta hivyo?"

"Si wewe uliniambia?"

"Mimi? Lini?"

"Fundi, usinifanyie hivyo." Alisimamisha gari katikati ya barabara. "Nilikuja kwako mwezi uliopita. Nikasema gari halipati joto, linakohoa, halina nguvu. Wewe ulikuwa chini ya trekta, hukutoa hata kichwa. Ukasema ni baridi hiyo, vuta choki. Nikavuta. Ikawa inarudi, nikachukua kibanio cha mama watoto."

Nilitaka kusema si kweli. Kwa dakika nzima niliamini kabisa kwamba si kweli. Tuliporudi nikalifungua daftari, na habari ilikuwamo, kwa mkono wangu: "Mzee anasema gari baridi. Nimemwambia choki." Nikarudisha kurasa nyuma. Mwezi wa nne nilikuwa nimeandika: "Gari limechemka kwenye mlima wa Milepa. Nimetoa thamostati."

Nieleze. Thamostati ni kizibo kidogo kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto. Milepa iko chini bondeni, kwenye joto la Rukwa, na gari linalopanda kutoka kule likiwa na mzigo huchemka. Mafundi wote wa kwetu tulikuwa na dawa moja: toa thamostati, tupa. Maji yanazunguka wakati wote, gari halichemki tena, mwenye gari anashukuru. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza waliolitengeneza walikiweka cha nini. Kule bondeni ilikuwa dawa kweli. Huku juu, mwezi wa sita, injini ikawa kama mtu anayeogeshwa maji baridi mchana kutwa. Injini baridi inadai choki, na choki ikiachwa imevutwa inamwaga petroli. Kosa lilikuwa langu mara mbili, na mtu wa kwenda polisi alikuwa mwingine.

Nilikitafuta kizibo kile kwenye kopo la nati kuukuu, nikakitia kwenye maji yanayochemka kuona kama bado kinafunguka. Kilifunguka. Siku ya tatu nikakirudisha, nikafunga kipande cha gunia mbele ya rejeta kuzuia upepo, choki ikarudi ndani. Petroli ikapimwa mbele ya mashahidi wawili wa Afisa, debe moja tu tangini, la kurudia likafungwa kwa alama na kuwekwa nyuma. Tulifika Laela na petroli ikabaki. Mzee alizima gari, akashuka, akaweka viganja vyote viwili juu ya boneti, akakaa hivyo muda mrefu mpaka mashahidi wakaona aibu kumtazama.

Ijumaa niliingia kwa Afisa na karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika yote: Milepa, kizibo, choki, na kwamba mwenye kosa ni mimi. Alisoma mara mbili.

"Umejiandika mwenyewe," akasema.

"Ndiyo, ndugu Afisa."

"Basi wewe ni mtu mkweli." Aliiweka karatasi pembeni, akavuta nyingine tupu. "Mkubwa wangu anangoja jina, na fundi nina mmoja tu. Niambie, ndugu mkweli. Miaka yote hii, hujawahi kumwona mzee akichukua petroli ya serikali? Hata tone?"

Hapo ndipo ninaporudi kila mara. Nilikuwa nimemwona. Mwaka uliotangulia alimjazia katekista mmoja chupa ya soda, asafishie mnyororo wa baiskeli. Nilikuwapo, na mimi ndiye niliyeshika chupa. Ningeweza kusema hapana. Lakini karatasi yangu ilikuwa pale mezani, na niliona kwamba nikidanganya hili, lile nalo litakuwa uongo. Au labda niliogopa tu. Sijui. Daftari siku hiyo halina kitu.

"Chupa moja," nikasema. "Ya soda. Na mimi niliishika."

Akaandika.

"Ni chupa ya soda, ndugu Afisa."

"Nimeandika soda."

Alasiri polisi walikuja kumchukua mzee. Mimi hawakunigusa. Walimweka wiki mbili, kisha wakamwachia bila kumfikisha mahakamani, na hilo lazima lihesabiwe kwa upande wao. Lakini kazi ilikwisha, na nyumba ilikuwa ya kazi. Nilikwenda kumsaidia kupakia vitu kwenye lori la Chala. Mkewe hakuitikia salamu yangu. Mzee aliitikia.

"Niliulizwa, mzee," nikamwambia.

"Najua uliulizwa."

"Ningesema hapana, ungekuwa bado unaendesha."

Alinitazama kama anayetafuta mlio mbaya kwenye injini. "Shika upande huo wa kabati," akasema. "Taratibu, kioo hicho."

Haikupita mwezi Afisa akaniita tena. Mtunza stoo wa ofisi yetu alikuwa anatoka mlangoni. Tulikuwa tukila pamoja kila siku ya Mungu, lakini alinipita ameinamisha macho. Kabla ya hapo nilikuwa nikisimama mbele ya meza ile. Safari hii Afisa alinionyesha kiti.

"Kaa, ndugu fundi. Wewe najua huwezi kunidanganya."

Juu ya meza kulikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa imeshajaa, ameigeuza kifudifudi. Ya pili ilikuwa tupu. Nikakaa, na kiti kilikuwa bado kina joto la mtunza stoo.