Xavery Alivyomkamata Katibu Kata

Katika kijiji cha Bisibo, wakati wa vita, ukimruka Benedicta umejitafutia balaa. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, mnene, mcheshi, na ulimi wake, we! Kesi ya kuku aliisikiliza kwa heshima ileile ya kesi ya shamba. "Hakuna kesi itakayotoka kwangu sijaisikia," alisema.

Basi siku ya gulio, Xavery, mwana wa Kalista, akamkamata Katibu Kata. Ndiyo, akamkamata! Tangu redio ianze kutangaza vita, kijana huyo alikuwa akizungumza peke yake, akiona majasusi hata migombani. Siku hiyo akamwelekezea Katibu mpini wa jembe. "Mikono juu, jasusi!" Na Katibu akainua! Akatembezwa gulio zima, wanawake wauza viazi wakicheka mpaka machozi.

Mgambo walipomfunga Xavery kamba, Katibu akapata sauti. "Mpelekeni polisi mjini! Akaozee mahabusu!"

Kalista akaanguka chini akilia. Mwanawe, katika hali ile, wangempiga huko mpaka wamuue.

"Kwanza kwangu," Benedicta akasema, akawaongoza wote mpaka uani kwake, akavuta kigoda.

"Shikamoo, mama balozi," Katibu akasema shingo upande.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, Xavery ana akili timamu?"

"Timamu kabisa! Alijua anachofanya!"

"Lo! Basi mtu mwenye akili timamu kakuona wewe jasusi. Itabidi tuanze kukuchunguza wewe."

Ua mzima ukaangua kicheko. Katibu akakuna kichwa. "Aa, mama, si unamwona mwenyewe? Huyu ni mgonjwa!"

"Ewaa! Umesema wewe, sikusema mimi. Na mgonjwa hupelekwa wapi?"

Katibu alijaribu kununa, ikashindikana, akacheka na yeye. "Hospitali, mama. Haya, mfungueni."

Trekta ya kijiji ilikuwa inakwenda mjini na pamba. Mgambo wakampandisha Xavery kwenye tela, taratibu safari hii. Kalista akabaki amesimama barabarani, ameshika mkeka, hajui la kufanya.

"Wewe nawe unangoja nini?" Benedicta akamfokea, machozi yakimlengalenga. "Mahabusu huenda peke yake. Mgonjwa huenda na wa kumuuguza. Panda!"

Kalista akapanda mbiombio, khanga ikimwanguka.

"Sogea nikae, baba," akamwambia mwanawe.