Mwaka Niliosomea Ukunga

Nilirudi darasani nikiwa mtu mzima, mke wa mtu, na nimeshafanya kazi ya uuguzi msaidizi kwenye zahanati yetu upande wa Ushirombo kwa miaka ya kutosha kuota sugu za kufua bendeji. Ilikuwa miaka ya sabini, watu wamehamishiwa kwenye vijiji vipya na zahanati zinahitaji wakunga. Nafasi yangu ya kozi ilipotoka nilikuwa na mimba ya kwanza, iliyochelewa mpaka watu walikuwa wameacha kuniuliza. Nikaomba nisubiri. Halafu mtoto akazaliwa amekufa, nafasi ikawa bado ipo, nikaenda.

Nilijifungulia palepale zahanati, mikononi mwa mwenzangu wa kazi, mama wa makamo tuliyekuwa tunapokezana naye zamu. Alifanya kama tulivyofanya siku zote. Akamfunga mtoto kwenye kitambaa, akamweka kwenye beseni, akatoka naye kwa mlango wa nyuma. Mzazi haonyeshwi. Wanawake wakubwa wa ukoo wanazika, hakuna matanga, kesho yake watu wanaenda shambani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewatoa wengi kwa mlango ule, na niliamini kabisa kwamba ni huruma. Siku ile nilitazama bati la paa. Sikuuona uso wa mtoto wangu, na sikujua kama alikuwa wa kike au wa kiume. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Niliona nikiuliza nitavunjika, na nikivunjika hakuna wa kuniokota, maana msimu wa pamba ulikuwa umewadia na kila mtu alikuwa na shughuli zake.

"Nenda kasome," mume wangu alisema. "Ukikaa hapa utafanya nini?" Hakusema kwa ubaya. Mama mkwe akanifungia michembe, viazi vya kukaushwa, ya kutafuna njiani, nami nikapanda basi la kwenda Shinyanga kama mtu aliyetumwa dukani.

Chuo kilikuwa ndani ya hospitali ya misheni. Wenzangu wote walikuwa wasichana waliotoka shule juzi, wana madaftari yaliyojaladiwa kwa magazeti na vicheko visivyo na sababu. Siku ya kwanza waliniamkia shikamoo kwa zamu, halafu mmoja akauliza waniite Mama nani. Huku kwetu ukishafika umri wangu lazima uwe Mama Fulani. Nikawaambia waniite dada.

"Dada, au bibi?" akatania mmoja, na wote wakacheka. Sikuwa na hata unywele mmoja mweupe. Zamani ningempa lake la kumtosha, maana ulimi wangu haukuwa na mchezo. Nilitandika kitanda changu tu.

Maziwa yalikuwa bado yanatoka. Nilikuwa najifunga kifua kwa kipande cha kanga kila asubuhi, kisha navaa sare juu yake, naenda kukaa dawati la mbele kwa sababu macho yangu ya mbali hayakuwa mazuri. Siku tuliyofundishwa habari za kunyonyesha, niliandika kila kitu kilichosemwa ubaoni, kwa mwandiko safi. Kanga ililowa. Niliihisi baridi yake na nikaendelea kuandika.

Kusema kweli nilifaulu kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimeogopa kwamba kichwa cha mtu mzima hakishiki kitu, kumbe kichwa kisichokuwa na jambo lingine kinapokea chochote unachokitia. Nilikariri mifupa ya nyonga na mishipa yake. Tulifanya mazoezi kwa mwanasesere wa kitambaa, tukimpitisha kwenye nyonga ya mbao, na wasichana walikuwa wakicheka hadi wanamwangusha. Mimi sikumwangusha hata mara moja. Mkufunzi wetu, mwanamke mkali mwenye miwani mizito, aliwaita wanizunguke watazame.

"Mwangalieni huyu," alisema. "Mkono wake hautetemeki. Mkunga ndiye huyu."

Wakaniangalia kwa wivu. Sifa hiyo haikunigusa popote. Mkono wangu ulikuwa mtulivu kwa sababu mwenyewe sikuwepo.

Hata nilipoanza kazi leba ilikuwa hivyohivyo. Nilizalisha watoto wazima, wanalia, nikawafuta, nikawapa mama zao, nikaosha vyombo. Akina mama walinishukuru. Mmoja alisema mwanawe wa kike atampa jina langu, nami nikajibu vizuri, halafu nikaenda kula ugali. Kila mwisho wa mwezi nilimwandikia mume wangu kwamba sijambo, na haukuwa uongo, kwa sababu kuumwa sikuumwa.

Siku moja mwanamke aliletwa mchana, juani, kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa mkulima kutoka kijiji cha mbali, Kiswahili chake cha kuokoteza, na uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake. Mkufunzi alinipa mimi, akasimama ukutani kunitazama, maana mtihani wa vitendo ulikuwa karibu. Niliweka kipembe cha mbao cha kusikilizia tumboni mwake nikautafuta moyo wa mtoto. Nikahamisha, nikasikiliza tena, haukusikika. Nikamtazama mkufunzi, naye akaelewa.

Nilimzalisha vizuri, bila kuchanika. Nikakata kitovu, nikamfunga mtoto kwenye kitambaa, nikamweka kwenye beseni na kumfunika. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

"Mayu," alisema, kama Wasukuma wanavyomwita mama yeyote. "Ng'wana wane, mwanangu, wa kike au wa kiume?"

Tulikuwa na maneno yetu ya kusema hapo, nami nikayasema. "Pumzika kwanza. Daktari atakuja kuzungumza na wewe."

"Nimejua amekufa," alisema. "Nakuuliza, wa kike au wa kiume?"

Nilikuwa nimemtoa kwa mikono yangu miwili, nimemfunga mwenyewe, na sikuwa nimemtazama. Nilisimama na beseni langu pale mlangoni. Kisha nikaliweka kwenye kiti, nikafunua kitambaa, nikaangalia.

"Wa kike," nikamwambia.

Akanyoosha mikono.

"Muuguzi, toa beseni," mkufunzi alisema kutoka ukutani. Hakupandisha sauti. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikamnyanyua mtoto, nikampa mama yake.

Alimtazama kwa utulivu, kama mtu anayekagua nguo mpya ya mwanawe. Akafungua ngumi zake ndogo, akashika masikio, akamgeuza aone mgongo. Akamwambia maneno ya Kisukuma, ya chini sana, ambayo sikuyasikia na hayakunihusu. Kisha akamfunga mwenyewe, vizuri kuliko nilivyomfunga mimi, akanirudishia. Nilipompokea mikono yangu ilikuwa inatetemeka, na mkufunzi aliona.

Aliniondoa leba, akanipeleka kufua mashuka. Wasichana walinong'onezana juu yangu, mmoja akasema nitafukuzwa. Niliinamia karai la sabuni nikijua sasa ninachokitaka, na nilikuwa na hasira. Niliwakasirikia mkufunzi, mwenzangu wa zahanati, ukoo mzima wa mume wangu, na yale maneno yetu ya kupumzika kwanza. Ilikuwa miezi mingi tangu nilipokasirika mara ya mwisho. Mkufunzi hakunifukuza. Alinirudisha kazini bila kueleza chochote, na jambo lile hakulitaja tena.

Likizo ilipofika sikwenda nyumbani kwanza. Nilishuka basi nikaenda moja kwa moja zahanati, na mzigo wangu kichwani. Mwenzangu alikuwa anachemsha sindano.

"Shikamoo."

"Marahaba. Karibu mkunga, umenenepa, mji umekupenda."

Nikatua mzigo. "Siku ile," nikamwambia, "alikuwa wa kike au wa kiume?"

Hakuuliza siku gani. Alipunguza moto wa jiko, akafuta mikono kwenye aproni.

"Nilidhani hutaki kujua," alisema. "Nilingoja uniulize, ukanyamaza. Alikuwa wa kiume. Alikuwa na nywele nyingi, na vidole virefu kama vyako. Nilimwosha kabla hatujamzika."

Nikamshukuru. Nilitoka nje, nikaishia kwenye kibaraza cha wagonjwa. Pale ukutani, machoni pa watu wote waliokuwa wakingoja dawa, nikalia kwa sauti. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniuliza ninaumwa wapi. Nikamwambia siumwi, nimefiwa na mtoto.

"Lini?" akauliza.

"Leo," nikamwambia.

Akasogea kwenye benchi ili nipate kukaa.