Kimondo Alichechemea

Enzi zetu huku Giakanja, mwenye televisheni hakufunga mlango Jumamosi jioni. Mimi niliufunga mara moja tu, nikiwa darasa la saba, na kama wazo lile lingenijia leo ningelikataa. Sikutumwa na mtu. Ulikuwa wivu wangu mwenyewe.

Mnaokumbuka miaka ya tisini ilipoanza mtanielewa. Stima ilikuwa haijatufikia. Televisheni yetu haikuwa na rangi ila nyeusi na nyeupe. Ilikaa ndani ya kabati la mbao, juu yake kitambaa alichofuma mama, na ilitumia betri ya gari. Baba alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa, ndiyo maana ni sisi tu tuliokuwa nayo kijijini. Saa kumi na moja watoto walifika, miguu myekundu kwa udongo, na mama akawasubiri mlangoni na karai la maji. "Miguu kwanza, Kimondo baadaye!"

Kimondo ndiye shujaa tuliyempenda, mtu wa kinyago aliyeruka juu ya magorofa. Jina lake la Kiingereza lilitushinda, tukampa hilo. Tulijipanga sakafuni tukinuka sabuni ya kipande na viazi vitamu vya kuchoma. Upepo ukitikisa antena, mmoja wetu alitoka nje kuizungusha, akipaza sauti, "Sasa je? Na sasa?"

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Wachira, mtoto wa mama aliyetuchumia kahawa. Kila Ijumaa tulisukuma betri kwa wilbaro, yeye na mimi, hadi sokoni ikajazwe chaji. Wachira alikuwa na kitabu cha katuni cha Kimondo, kisicho na jalada, alichopewa na mjomba wake aliyefagia hoteli mjini Nyeri. Kwa hiyo alikuwa na maoni.

"Hawa watu wa televisheni wamemharibu," alisema. "Kimondo wa kweli anachechemea. Mguu wa kushoto."

"Ati shujaa anachechemea? Wee, acha zako!"

"Akiruka, mguu ni wa nini? Anachechemea akiwa chini, kama mtu wa kawaida tu. Ndiyo maana hakuna anayemjua."

Kila Jumatatu, saa ya mapumziko, shule nzima ilimzunguka kando ya ua wa miiba ya kayaba, naye akahadithia kipindi chote: mlio wa breki, kicheko cha adui, na ule mguu wa kushoto alioburuta vumbini, ambao televisheni haikutuonyesha. Hata waliokitazama kwetu walikuja kukisikia upya. Siku moja msichana wa darasa la sita aliniambia, nikiwa na kiazi mdomoni, "Hadithi ya Wachira ni tamu kuliko televisheni ya kwenu."

Ya kwetu! Betri yetu, sakafu yetu, chai ya mama yangu, na sifa zote za Wachira. Kiazi kile sikukimaliza.

Kikafika kipindi cha mwisho, ambamo Kimondo angevua kinyago. Baba na mama walikuwa wameenda harusi Ruring'u. Watoto walipofika nilisimama mlangoni.

"Betri imekufa."

"Lakini si tuliijaza jana?" Wachira aliuliza. Viganja vyake bado vilikuwa na malengelenge ya wilbaro.

"Imekataa tu. Nendeni."

Wakaenda. Nilivuta pazia, nikapunguza sauti, nikatazama peke yangu. Kimondo alivua kinyago, akakitupa mtoni, akashika barabara kama mtu yeyote anayerudi nyumbani kutoka kazini. Alikuwa akichechemea. Mguu wa kushoto.

Jumatatu nilisimama mimi kando ya ua wa kayaba. Nilisema betri ilifufuka walipoondoka.

"Ilifufuka siku ya tatu?" mmoja akauliza, wakacheka.

Nilihadithia vibaya, nikiruka mbele na kurudi nyuma, lakini walisikiliza kwa kuwa hawakuwa na mwingine wa kuwaambia. Nilipomaliza, Wachira aliuliza jambo moja tu.

"Alipoondoka, alichechemea?"

"Hapana," nikasema. "Alikimbia."

Walimcheka hadi kengele ikalia. Muhula mzima, akipita, walimfuata wakiburuta mguu. Hakuhadithia tena pale shuleni, na Ijumaa iliyofuata nilisukuma wilbaro peke yangu.

Nilimaliza kidato cha nne nikarudi kwenye kahawa. Wachira leo ni mshereheshaji anayegombaniwa kuanzia Karatina hadi Nanyuki. Majuzi aliongoza ruracio, sherehe ya mahari, ya binti wa ndugu yangu hapo Skuta. Vijana walipanga foleni wapigwe naye picha. Vijana hawa hutazama msimu mzima wa kipindi kwa kikao kimoja, kila mtu na simu yake, kisha hutukanana mtandaoni na watu wasiowajua kuhusu rangi ya joho la shujaa. Sisi hata hiyo rangi hatukuiona. Lakini niliwaonea wivu, kwa ule mkono ambao Wachira aliwawekea begani.

Akashika kipaza sauti. "Kazi hii niliianza kwa kuhadithia vipindi vya televisheni ya jirani mmoja," aliwaambia wageni. "Siku ya mwisho mnajua ni nini ilifanyika? Betri ikafa! Na shujaa wangu, naambiwa, alikimbia!" Watu walicheka wakashika mbavu.

Jirani mmoja.

Nilipanga foleni nyuma ya vijana. Zamu yangu ilipofika alinishika kwa mikono miwili. "Mzee wangu, tupigwe picha?"

"Alichechemea," nikamwambia. "Mguu wa kushoto. Ulisema kweli."

Alinitazama kidogo, tabasamu likiwa palepale. "Asante, mzee," akasema, akamgeukia msichana aliyekuwa nyuma yangu.

Ananiita mzee, na sisi ni wa rika moja.

Siku hizi nina televisheni pana kama meza, ina rangi zote, na stima haikatiki sana. Hakuna anayenawa miguu ili aje kuitazama. Nilijipatia Jumatatu moja ya kusikilizwa, na ikanigharimu Wachira. Sikupata rafiki mwingine kama yeye.