Shukrani kwa Kaka Augustine

Herieth binti Albano alikuwa na ugomvi na mwanamke wa kitabuni. Mwanamke mwenyewe ni dada yake mfalme, katika ile tamthilia ya zamani wanayosoma watahiniwa wa kidato cha sita tangu enzi za walimu wa walimu wao. Mfalme anauawa na mawaziri wake, watu aliowalea mwenyewe, halafu wauaji haohao wanasimamia mazishi na kulia kuliko wafiwa. Dada mtu anaruhusiwa maneno machache tu, tena yawe ya shukrani. Basi anawashukuru. Huyu anamshukuru kwa kukaa na kaka yake hadi pumzi ya mwisho, yule kwa kuwahi kufuta damu sakafuni, na kila akimtaja mmoja watu wanatazamana, mpaka mwisho wanainama kuokota mawe.

"Uongo huo, mwalimu," Herieth alisema siku ya kwanza walipousoma ukurasa ule. "Watu gani hao? Mbona asiseme tu kwamba wamemuua?"

Mwalimu Elinaza, Mpare mpole anayefundisha tuisheni kwenye chumba cha nyuma ya saluni moja pale Mtoni, alicheka. "Angesema, wangemkata ulimi palepale. Ndiyo kazi ya kejeli, Herieth. Mdomo unasema hiki, masikio yanasikia kile."

Herieth hakuridhika, ila aliandika. Karatasi ya fasihi ilishamwangusha mara moja, na safari hii alikuwa anarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, asubuhi akipiga msasa vinyago kwenye karakana ya baba yake, jioni akibeba kile kitabu kisicho na jalada kwenda kubishana na mwalimu. Shangazi zake walikuwa hawachoki kumuuliza ataolewa lini na hayo matamthilia. Yeye alitaka kuwa mwalimu, basi.

Ugomvi wa kitabuni ungebaki kitabuni kama si Augustine.

Huyu Augustine alikuja mjini kutoka Newala akiwa hajui hata tezo inashikwaje. Alilala sebuleni kwa mzee Albano, akala ugali wa Mama Filomena, mke wa mzee, akafundishwa kuchonga mpaka akawa fundi wa kutegemewa. Herieth alikua akimwita kaka, na alimaanisha. Kisha mzee Albano, mwenyekiti wa kikundi cha wachongaji tangu kianzishwe, akaugua tumbo, akalazwa hospitali ya Mwananyamala. Na kaka mtu akaona hapohapo ndipo pa kuitisha kikao! Akawatangazia wenzake kwamba magogo ya mpingo ya kikundi hayaonekani, na ufunguo wa stoo anakaa nao mwenyekiti. Hakuna aliyesema tumsubiri mwenyewe aje ajibu. Mikono ikanyooshwa, mzee akavuliwa uenyekiti akiwa na dripu mkononi, na Augustine akakalia kiti.

"Sijauza," mzee alikuwa anamwambia mkewe kila akienda kumwona. Mwishoni aliwaambia hata manesi, ambao hawakumuuliza kitu.

Na hakuuza kweli. Herieth alitumwa kupeleka vinyago nyumbani kwa Augustine, Chamazi, na alipozunguka uani kutafuta mtu akayaona magogo yamepangwa chini ya turubai, kila moja lina alama ya baba yake kichwani, mikato mitatu ya patasi aliyoipiga kila gogo lilipoingia stoo. Aliondoka bila kugusa hata maji aliyokaribishwa. Alifika nyumbani akamweleza mama yake yote.

"Tumuuguze kwanza baba yako," mama yake akamwambia.

Baba akafa. "Tuzike kwanza."

Hiyo "kwanza" ya Mama Filomena ilimchosha Herieth kuliko kitu chochote duniani. Mama alikuwa mtu wa kumeza. Kameza maneno ya mawifi, kameza ya majirani, na sasa alikuwa anataka kumeza na hili, na mwanawe ameze pamoja naye. Herieth koo lake halikuumbwa hivyo. Alichotaka kilikuwa kimoja tu, baba yake asiingie kaburini na jina la mwizi.

Msibani Augustine alienea kila mahali. Kamati ya mazishi mwenyekiti nani? Augustine. Turubai na viti kaagiza nani? Augustine. Na kilio je? Weee! Alilia mpaka akashikwa mabega na wanaume wawili, na wanawake waliokuwa wanachambua mchele wakasema kweli huyu kijana alimpenda mzee wake. Herieth aliyasikia hayo akiwa na beseni la vyombo mkononi, akaona kama ataliachia.

Kisha akaja Venance, mshereheshaji wa mtaa, yule ambaye harusini yeye, kipaimara yeye, msibani yeye. "Dada Herieth, pole. Familia imekupanga utoe neno la shukrani. Fupi tu, padre ana misa nyingine."

"Shukrani tu, mwanangu," mama yake akaongeza. "Padre yupo, jumuiya nzima ipo. Usije ukatuvua nguo."

Shukrani tu! Ni yaleyale, neno kwa neno. Wauaji wamesimamia mazishi, na yeye karuhusiwa kushukuru. Ule uongo wa kitabuni sasa ukamwingia akilini, akauona una maana, akajiona mjinga kumpinga mwalimu. Aliingia jikoni, akasimama nyuma ya masufuria, akayapanga maneno yake moja moja.

Alipopewa kipaza sauti, sauti yake haikutetemeka. Alimshukuru padre, akaishukuru jumuiya, akawashukuru majirani. Halafu akamgeukia Augustine.

"Kwa namna ya pekee tunamshukuru kaka Augustine. Baba alipolazwa, kaka hakusubiri apone. Aliuchukua mzigo wa uenyekiti haraka, ili baba afe mwepesi. Asante, kaka."

"Amina," watu wakaitikia.

Herieth akakisogeza kipaza sauti karibu zaidi. Pengine hawajashtuka bado. "Na magogo ya kikundi, yale ambayo baba alisemwa kayauza, tunakushukuru kaka kwa kuyatunza nyumbani kwako Chamazi, chini ya turubai, yasinyeshewe. Yapo yote. Nimeyaona kwa macho yangu. Hukumsumbua baba kwa kumwambia, hata siku moja, mpaka amekufa. Moyo kama huo, jamani, tutaupata wapi tena?"

Akangoja watu watazamane.

"Amina!" wakasema, kwa nguvu zaidi. Bibi mmoja mstari wa mbele alifuta machozi kwa ncha ya kanga. Venance akapokea kipaza sauti, kaguswa kwelikweli: "Jamani, katika shida ndipo unapomjua ndugu. Makofi kidogo kwa kaka Augustine!" Na watu wakapiga makofi, mbele ya jeneza. Augustine, ambaye kwa sekunde chache alikuwa amekauka usoni, akashusha pumzi, akainuka, akamkumbatia Herieth mbele ya wote.

"Asante, mdogo wangu," akamnong'oneza. "Sitalisahau hili."

Herieth alimzika baba yake na harufu ya manukato ya Augustine kwenye blauzi.

Ungedhani mambo yameishia kwenye kutoeleweka. Laiti! Kesho yake neno lilikuwa limeshazunguka Mtoni nzima, tena limevaa nguo mpya. Kumbe magogo yapo! Kumbe mzee alitaka kuyauza, kijana wa watu akayawahi, akayaficha Chamazi, akakaa kimya kumsitiri! Nani kasema? Binti wa marehemu mwenyewe kasema, kwenye kipaza sauti, padre anasikia. Herieth akimwambia mtu sivyo, anaambiwa, "Lakini dada, si ulimshukuru wewe mwenyewe?" Mungu wangu! Jana baba yake alikuwa anashukiwa tu. Leo alikuwa mwizi aliyesamehewa, na shahidi wa kumtia hatiani ni mwanawe.

Alikwenda kwa mwalimu Elinaza mchana huohuo, na kanga ya msiba kiunoni, hakusubiri jioni.

"Shikamoo mwalimu. Kitabu chako kimenimaliza."

Mwalimu aliitikia, akampa kigoda, akasikiliza yote. Kila Herieth alipotaja amina, mwalimu alifumba macho.

"Neno kwa neno nilifanya kama dada wa mfalme," Herieth akasema, na sasa alikuwa analia kwa hasira. "Wale wa kitabuni wakaokota mawe. Wa kwetu wakapiga makofi! Kwa nini? Wale wana akili kuliko sie?"

"Wale hawana akili kuliko mtu yeyote," mwalimu akasema polepole. "Sie wasomaji ndio tunaojua. Tulimwona mfalme anachomwa kisu onyesho la pili, kwa hiyo dada yake akishukuru tunasisimka. Wewe watu wako uliwaonyesha onyesho gani? Hawakuona lolote, Herieth. Walikuja msibani, wakasikia shukrani, na msibani shukrani ni shukrani."

"Sasa mbona hukunifundisha hivyo?"

Mwalimu akakuna kichwa. "Mtihani hauulizagi hivyo."

Herieth akakichomoa kitabu kwapani. Alitamani amrushie kile kitabu, lakini mtu mzima harushiwi kitabu, tena mwalimu. Akakiacha juu ya kigoda, akaondoka.

Siku ya kuanua tanga walikusanyika uani kwa mzee Albano, ndugu waliotoka Newala na Masasi, majirani, na wachongaji wote. Watu walikula, wakapanga nani abaki na mjane, kisha Venance akampa nafasi mwenyekiti mpya wa kikundi. Augustine akasimama, kofia mkononi. Sauti yake tamu kama ya mtu anayembembeleza mtoto.

"Mie sina mengi. Kuna maneno yanazunguka kuhusu magogo. Naomba yaishe hapa. Mzee wetu alikuwa binadamu, na binadamu anateleza. Niliyahamisha mapema kumwepusha na aibu, kama alivyosema mdogo wangu Herieth siku ile. Tumsamehe mzee, tumwache apumzike."

"Amina," watu wakaanza.

"Hapana!"

Herieth alikuwa amesimama tayari. Hakuwa na kipaza sauti na hakukihitaji. "Baba hakuteleza popote. Augustine aliyaiba magogo, akayaficha kwake, akamsingizia baba akiwa kitandani hajiwezi, ili akalie kiti chake. Nilipomshukuru nilikuwa nasema hivyo. Nilidhani mtaelewa. Baba yangu si mwizi. Mwizi ndiye huyu hapa."

Mara hii maneno yalikuwa wazi, hata kuku waliokuwa wanadonoa makombo ya wali wangeelewa. Wachongaji wakatazama miguu yao, kila mmoja na miguu yake, na Herieth akaona, kwa uchungu uliomkata zaidi ya makofi ya siku ile, kwamba baadhi yao walijua zamani.

Ndipo shangazi mmoja akasema, kwa huruma kabisa, "Masikini, mtoto ana uchungu. Hajalala huyu."

"Alimpenda sana baba yake."

"Mshikeni, mshikeni asianguke."

Mikono ikamjia kutoka kila upande, mikono ya wanawake waliompakata utotoni, laini, yenye nguvu. Wakamshika kiuno, wakamshika mabega, wakaanza kumsogeza ndani. Herieth akisema "Sina homa! Nisikilizeni!" wanamjibu "Ndiyo, mama, ndiyo, tulia." Alijaribu kujinasua, na kadiri alivyojinasua ndivyo alivyozidi kufanana na mtu aliyechanganyikiwa. Yaani hata kejeli ilikuwa afadhali. Kejeli walau waliiitikia.

Na nani akaja na glasi ya maji? Augustine. Aliwapita watu kwa upole, macho yamemlegea, mkono mmoja umeshika glasi, mwingine umeikinga chini isimwagike.

"Kunywa, mdogo wangu. Mie sijakasirika. Msiba ni mzito."

Uani watu wakanong'ona. Mnaona huyo kijana alivyo na moyo? Katukanwa, bado analeta maji!

Herieth akaitazama ile glasi. Kinywa kilikuwa kimemkauka, na alijua akinywa amekwisha, amekuwa mgonjwa wao, na baba yake mwizi wao.

Mkono mwingine ukaifikia kabla yake. Mama Filomena alikuwa ameinuka kutoka kwenye mkeka wa mjane, ambao tangu msiba uingie hakuuacha ila kwa kwenda kanisani na makaburini. Akaipokea glasi kwa Augustine, akamwambia asante kama mtu anayempokea mgeni, kisha akaimwaga chini, polepole, mpaka tone la mwisho. Maji yakamlowesha Augustine viatu.

"Mama Herieth," Venance akaanza, "tufuate ratiba, tafadhali, halafu..."

"Mwachieni mwanangu. Haumwi." Sauti ya Mama Filomena ilikuwa ndogo na imekwaruza, sauti ya mtu aliyelia siku zote hizo bila kusema kitu. "Tulimuuguza kwanza. Tukazika kwanza. Sasa kwanza asikilizwe." Akamgeukia Herieth. "Rudia, mama. Polepole, kila mtu asikie. Na usimshukuru mtu."

Mikono ikaachia, mmoja mmoja. Herieth akajifunga kanga upya, akawatazama wachongaji mpaka wa mwisho wao akainua uso, akarudia yote tangu dripu hadi turubai la Chamazi, na ile mikato mitatu ya patasi ambayo kila fundi pale uani aliijua ni ya nani.

Safari hii hakuna aliyesema amina.