Ziwa Itakula

Mama alikuwa na namna yake ya kufunga takataka: mfuko wa plastiki, fundo mara mbili, na juu yake kipande cha kikwembe chekundu ili mbwa wasiufungue. Kisha alinikabidhi mimi, binti yake mkubwa.

"Weye, enda tupa mu ravini. Ziwa itakula."

Ravini ni korongo linaloshuka nyuma ya nyumba yetu hapa Uvira. Mvua ikinyesha, linabeba kila kitu mpaka Tanganyika. Mtaa mzima tulitupa humo, wala sikuwahi kujiuliza ziwa litashiba lini.

Vita vilipofika mjini, mabomba yalikauka, tukaanza kunywa maji ya ziwa. Ukingoni chupa na mifuko ilijaa hata maji huyaoni, kwa hiyo Mama aliweka sheria: "Usichote pa kando. Ingia mpaka mu kifua." Makaa ya kuchemshia hayakupatikana. Tulitegemea hatua zile chache tu za kuingia majini.

Asubuhi moja nikiwa ziwani na bidoni yangu ya kuchotea maji, risasi zilianza kulia upande wa bandari. Woga ulinishika. Nikachutama pale pale ukingoni, nikasukuma takataka kwa mkono nipate kuzamisha bidoni. Mfuko mmoja ukanirudia. Fundo mara mbili, kikwembe chekundu. Ulikuwa wetu. Nikachota hivyo hivyo, nikakimbia.

"Uliingia mpaka mu kifua?" Mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alikunywa maji yale. Kipindupindu hakikumpa hata siku mbili. Husemwa majuto ni mjukuu; yangu hayakungoja nizae.

Siku hizi majirani tumetandaza nyavu kuukuu za kuvulia ndagala mdomoni mwa ravini, na kila Jumamosi tunazoa kilichonasa. Mvua kubwa hutushinda, na wapo wanaotucheka. Wacheke. Mama, mzee sasa, huja kukaa kando akinitazama.

Majuzi nyavu zilinasa mfuko wenye fundo mara mbili. Haukuwa wetu, lakini machozi yalinitoka.

"Mama, siku ile sikuingia mpaka kifuani."

Alinifuta machozi kwa ncha ya kikwembe chake.

"Nilijua, mwanangu. Nguo yako ilikuwa ya kukauka." Akaangalia ziwa. "Lakini risasi zilikuwa zinalia. Ningekurudisha namna gani?"