Mikono ya Barazani

Zaina alimjua kwanza kwa viatu vyake. Mwandishi aliviacha kizingitini vikiwa vimeelekea barabarani, kama mtu aliye tayari kutimka, akaamkia, kisha akakaa kwenye kigoda kifupi katikati ya wanawake waliokuwa wakisuka ukili wa mikeka. Hapo, Bagamoyo, aliwasomea kila sura kabla ya kuipeleka kwa mchapaji. Sauti yake ilikwaruza, na macho hayakukaa kwenye daftari. Yalikaa kwenye mikono yao. Mikono ikiendelea kusuka, alichomoa kalamu ya risasi sikioni, akaukata ukurasa mzima kwa mstari juu mpaka chini, bila kinyongo. Mikono ikisimama, alilamba kidole akafungua ukurasa wa pili, akijifanya hakuona. Vitabu vitatu vilizaliwa hivyo. Siku aliyowasomea habari za mjane wa kitabu cha tatu, ukili ulimwangukia Zaina mapajani. Alikuwa ametoka eda mwaka uleule.

Alasiri moja ya mwaka 1972 mwandishi alikuja na gazeti la Dar es Salaam badala ya daftari. Akawasomea makala yote ya uhakiki, hakuruka neno: mhakiki amesema yule mjane hana uhai, na mwandishi mwenyewe ameishiwa.

"Basi, mama zangu," akasema, "kazi imenishinda."

"Umesoma mpaka mwisho, mwanangu?" Zaina akauliza.

"Mpaka mwisho."

"Na mikono yetu umeitazama?"

Akainamisha macho. Ukili wao ulikuwa umerefuka karibu pima nzima. Mwandishi akacheka mpaka akakohoa, akachomoa kalamu ya risasi sikioni, akalikunjua gazeti magotini.