Maneno Niliyoyaandika kwa Rangi Nyeupe

Nikisema nina aibu, watu hudhani ni aibu ya kudanganya. Ukweli ni mbaya zaidi: wakati ninadanganya sikuona aibu hata kidogo, nilijiona mjanja, na aibu ilinijia tu siku ile watu kama sitini, pasta akiwemo na mama yangu mzazi akiwemo, walipousikia ujanja wangu ukisomwa kwa spika ya kanisa, neno kwa neno, chini ya tenti ya kukodi kule Kalama, Machakos.

Mimi ni mtu wa kuuliza maswali. Nilisoma mambo ya kompyuta chuo kikuu na nikatoka na digrii, na sijapata kazi ya maana (usiniulize, hata mimi najiuliza), lakini kuna grupu moja ya wenye tovuti ambako najulikana kidogo, kwa sababu ndiye ninayejibu wanaokwama. Mbona tovuti yangu iko ukurasa wa tisa? Nirudie jina la bidhaa mara ngapi? Nilipe watu ili tovuti zao zinitaje? Nami huwajibu kwa kiburi cha mtu aliyesoma: andika kile wateja wanachokitafuta, kwa maneno yao; kila ukurasa uwe na kichwa chake; picha ipe jina, usiiache na namba za kamera; halafu subiri. Kulikuwa na jamaa mmoja wa Athi River aliyeuliza kama anaweza kujaza maneno chini ya ukurasa na kuyaficha kwa rangi ili injini ya kutafuta iyaone na watu wasiyaone. Nilimcheka mbele ya wote. Nilimwambia huo ni ujanja wa kizamani, ukikamatwa unatupwa nje ya matokeo, na zaidi ya hapo ni kumdanganya msomaji. Niliandika hivyo. Kumdanganya msomaji.

Sasa Anko Kilonzo. Ni ndugu mdogo wa mama yangu, mchongaji wa vigoda, na ndiye mtu mzima pekee ambaye hakuwahi kuniambia ninyamaze. Nikiwa mtoto nilimuuliza kwa nini kigoda kina miguu mitatu na si minne, na badala ya kunifukuza aliweka chini tezo yake ya kuchongea, akanionyesha kwa kukiweka kwenye mawe, kikasimama bila kutingishika. Huyo ndiye Anko. Miaka michache iliyopita presha ya macho ilianza kumnyang'anya kuona, kwanza pembeni, kisha ikaingia katikati, mpaka siku moja akaniambia kwamba asubuhi na jioni sasa ni kitu kimoja. Alikaa bila kufanya kazi msimu mzima wa mvua. Halafu akarudi kwenye patasi yake, akajifunza upya kwa vidole, akiimba kama zamani, na vigoda vyake vya sasa, sitanii, ni vizuri kuliko vya zamani, kwa sababu kila mahali pamepitiwa na kidole gumba mara mia.

Aliponiomba nimtengenezee tovuti alikuwa na sharti moja tu.

"Kioko, andika mambo ya mti, andika mambo ya vigoda, weka picha. Lakini mambo ya macho yangu usiandike."

"Lakini Anko, watu wa mtandaoni wanapenda hadithi. Wakijua vile unafanya kazi na..."

"Hadithi utaandika yako. Mimi niko na kigoda. Mtu akinunua, anunue kwa sababu hakitingishiki."

"Sawa, Anko."

"Sawa ya kweli ama sawa ya kuninyamazisha?"

"Ya kweli."

Nikaitengeneza. Ilikuwa safi, nyeupe, picha kubwa, hakuna takataka. Na kila Ijumaa nilipopita kwake aliniuliza swali lile lile kabla hata sijakaa, "Wamekuja?", nami nikasema wanakuja polepole, ilhali hakuna aliyekuja isipokuwa mimi mwenyewe nikiikagua. Mwezi ukaisha, wa pili ukaisha. Ushauri wote ninaowapa watu niliufuata, na tovuti ya Anko ilikuwa imezikwa huko chini ambako hakuna mtu huchimba. Unajua inavyouma kuwa daktari wa watu wote na mgonjwa wako mwenyewe anazidi kulala?

Siku moja nikafungua kile chombo kinachokuonyesha watu wanatafuta nini, na nikaona kwamba wanaotafuta vigoda vya miguu mitatu ni wachache, lakini wanaotafuta kipofu wa kumsaidia ni wengi. Nilikaa na jambo hilo karibu dakika tano tu. Dakika tano! Nikashuka chini kabisa ya ukurasa, nikaandika mistari kama ishirini: kipofu mchongaji, kipofu maskini Machakos, msaada kwa kipofu, na mingine ya Kiingereza yenye jina la ugonjwa wake, halafu nikaipaka yote rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe. Nikajiambia (na hapa ndipo digrii ilinisaidia vibaya) kwamba sharti la Anko halijavunjwa, kwa sababu maandishi ambayo hakuna jicho linayaona ni kama hayajaandikwa.

Baada ya wiki tatu mama mmoja wa Nairobi akampigia Anko simu na kuagiza vigoda viwili.

Sijawahi kumwona Anko akiwa na furaha ya aina ile tangu macho yaondoke. Alimpigia mama yangu simu, akampigia binti yake Mwende ambaye ni nesi huko Mwala, akawapigia wachongaji wenzake wanane wa kikundi chao. "Ameniita fundi," alirudia. "Mtu hanijui, hajanisalimia hata siku moja, na ananiita fundi." Ndipo akaamua kwamba lazima iwe na shukrani. Kwetu mtu akinunua gari inaombewa, akijenga nyumba inaombewa, kwa hiyo Anko hakuona sababu ya tovuti kutoombewa. Nilicheka. Nilimuuliza Anko, Mungu anapita kwa mtandao gani? Akanijibu, "Wewe leta kompyuta, maswali utauliza baada ya pilau."

Jumamosi hiyo tenti ilikuwa imejaa, na mama yangu na wenzake wa kanisa walikuwa jikoni tangu alfajiri. Kompyuta yangu iliwekwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma, na watu wakapanga foleni kuitazama kama wanaotazama mtoto mchanga. "Imekaa safi," mzee mmoja wa kikundi akasema, "nyeupe kama shuka ya hospitali." Pasta alipofika mezani akanyoosha mkono, akasita.

"Kijana, sasa hii tovuti yenyewe iko wapi, ndio niiwekee mkono?"

"Pasta, kusema kweli iko kwa kompyuta nyingine, ng'ambo."

"Basi tutaombea hii, na ile ya ng'ambo iseme amina yenyewe."

Watu wakacheka, wakaomba, wakasema amina. Mimi pia nilisema, kwa heshima ya mama. Kama mambo yangeishia hapo, hata leo ningekuwa mpwa wa mtu.

Lakini Anko alisimama, akashika maikrofoni. "Nyinyi nyote mmeiona," akasema. "Mimi bado." Akatoa mfukoni simu ambayo sikuwahi kuiona. Mwende alikuwa amemletea wiki ile, simu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa, na akamfundisha kuitumia. Mpaka siku hiyo Anko aliijua tovuti yake kupitia mdomo wangu tu; nilimsomea mara mbili, vizuri, kwa sauti ya kupendeza, nikikomea pale wenye macho wanapokomea.

Nilimfuata, nikamshika mkono.

"Anko, hiyo bando itaisha, si tufanye kesho?"

"Bando Mwende ameweka. Kaa chini, Kioko, leo nataka kujisomea."

Akaiweka simu karibu na maikrofoni. Ikaanza, kwa ile sauti yake kavu isiyojua furaha wala huzuni: jina lake, Kalama, aina ya mti, kigoda cha kwanza, kigoda cha pili, na kwa kila kigoda watu wakapiga makofi na mama mmoja akapiga kigelegele. Ikasoma namba ya simu. Watu wakapiga makofi ya mwisho. Anko akainua mkono kushukuru.

Na simu ikaendelea.

"Kipofu mchongaji. Kipofu maskini Machakos. Msaada kwa kipofu. Kipofu anayehitaji msaada. Kipofu Kenya. Saidia kipofu maskini."

Makofi yakafa. Yule mzee wa kikundi akakimbilia kompyuta, akainama mpaka pua ikakaribia kioo. "Inasoma wapi? Hapa hakuna kitu! Hapa ni peupe!" Wengine wakamfuata, wakathibitisha, ni peupe kabisa. "Ai, Ngai," mama mmoja akasema, na viti vya nyuma vikaanza kusogea. Pasta akanyoosha mkono kuelekea ile simu na kusema kwa sauti ya vita, "Shindwa! Pepo la kudharau watumishi wa Mungu, shindwa!" Na tenti nzima ikaitikia, "Shindwa!"

Hii ndiyo sehemu ambayo sijawahi kuisimulia hadi leo. Mimi, nisiyeamini mapepo, niliyebishana na wahubiri tangu kidato cha pili, nilisimama pale na nikaona kwamba pepo linaweza kunibebea mzigo, na nikanyamaza. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikafumba macho. Aliyekuwa karibu nami anasema midomo yangu ilikuwa inatikisika, kwa hiyo huenda nami nilisema shindwa. Simu ikafika kwenye mistari ya Kiingereza, na Anko akaizima.

"Pasta, ngoja," akasema. "Wacha tusisumbue shetani bure. Pepo halijui jina la ugonjwa wangu kwa Kiingereza." Akageuza uso, si upande nilipokuwa bali pale nilipokuwa nimesimama dakika moja kabla. "Kioko."

"Niko hapa, Anko."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi.

"Kwa nini hawa wengine hawaoni?"

Nikaeleza. Nilijisikia nikieleza kwa sauti ile ile ninayotumia kwenye grupu, rangi nyeupe juu ya nyeupe, kwamba yale maneno ni ya mashine tu, ili tovuti ipande, kwamba hakuna mtu alikusudiwa kuyaona.

"Kwa hivyo uliyaficha kwa wenye macho," Anko akasema polepole, kama anayepima mbao. "Nikabaki mimi."

Nilianza kusema samahani, akanikatiza kwa swali, na swali hilo ndilo lililonimaliza.

"Yule mama wa vigoda viwili. Aliingia kwa maneno gani? Hiyo mashine yako si inakuambia?"

Inaniambia. Siku ile aliyopiga simu aliingia mtu mmoja tu, na nilikuwa nimeona alichotafuta, na nilikuwa nimefunga ripoti haraka kama mtu anayefunga mlango wa choo. Ningeweza kusema sijui. Wote pale wangeniamini. Lakini alikuwa amenielekezea uso wake, huyu mtu ambaye hajawahi kunijibu uongo hata nilipokuwa mtoto wa miaka sita.

"Aliingia kwa ya kipofu, Anko."

Akaitikia kwa kichwa, kama aliyekuwa anajua. "Ndio maana aliniambia hata vikitoka vibaya atavichukua tu," akasema. "Nilidhani ni upole wake." Kisha akarudisha maikrofoni kwa pasta, akaomba wageni wapewe chakula kwa sababu wengine wametoka mbali, na watu wakala wakiangalia sahani zao. Mama hakunisemesha mpaka tulipomaliza kuosha sufuria. Alisema tu, "Afadhali ungenidanganya mimi, Kioko. Mimi nimezoea."

Niliyafuta maneno yale jioni hiyo hiyo. Lakini nyinyi wenye tovuti mnajua, kufuta kwako si kusahau kwa injini. Kwa wiki kadhaa ukitafuta jina lake ulikuta chini yake kale kamstari, kipofu maskini Machakos, na jambo la kuchekesha, kama mtu angekuwa na nguvu ya kucheka, ni kwamba hatimaye tulikuwa ukurasa wa kwanza. Watu walimpigia. Mmoja alitaka kumtumia nguo. Mwingine aliuliza kama anaweza kuja kumpiga picha akichonga. Anko aliwajibu wote kwa upole, kisha akaniomba, kupitia kwa Mwende, tovuti ifungwe. Yule mama wa Nairobi alipelekewa vigoda vyake viwili, kwa sababu Anko ni mtu wa neno lake, lakini Mwende anasema baba yake alivichonga bila kuimba.

Kwenye grupu nilimwomba msamaha yule jamaa wa Athi River, na nikaeleza nilichofanya. Wengine waliniandikia kwamba wao hufanya hivyo kila siku na hakuna aliyeumia. Sikubishana, jambo ambalo kwangu ni geni.

Ijumaa moja baadaye nilienda kwake. Nilimwambia ninaweza kutengeneza ukurasa mpya na kumsomea wote, mpaka mwisho. Aliniacha nikamaliza. "Asante sana," akasema, "Mwende atanisomea nikitaka." Akaagiza niletewe chai. Akaniuliza habari ya mama, habari ya mvua upande wa mjini, nami nikajibu, na hakuuliza kama wamekuja, wala hakunitania, wala hakuniambia niache kuegemea mlango kama alivyozoea. Niliposimama kuondoka alichukua fimbo yake, akatembea nami taratibu hadi kwenye lango, akanishukuru kwa kumtembelea. Anko hakuwa amewahi kunisindikiza maishani mwangu. Wageni ndio husindikizwa.

Nilitembea mpaka barabarani bila kugeuka nyuma. Na tangu siku hiyo sijaandika neno lolote juu ya mtu, la kuonekana au la kufichwa, kabla sijaketi mbele yake nikamsomea kwa mdomo wangu mwenyewe; na kama siwezi kulitamka akinisikia, silipeleki popote, hata kama tovuti yake itabaki ukurasa wa mia moja.